Haja kubwa yenye maumivu: tiba ya Kichina ina nini cha kusaidia, na kipi kisiguswe?

Mhudumu_Mafinga

Wakuu, habari za jioni. Swali langu ni kwa wanaoijua tiba ya Kichina kwa undani, si kwa kuisikia kwenye matangazo.

Kwenye duka la dawa muhimu huku Mafinga wanapita watu wengi wenye maumivu wakati wa haja kubwa, na baridi ya Juni mpaka Agosti ikikaza ndiyo wanaongezeka. Wengi wanafika na vipakiti mkononi, vimenunuliwa Tunduma au Mwanjelwa, maandishi ya Kichina matupu, wanauliza "hii nimeze ngapi?" Ukiwapanga, wako wa namna tatu.

A: choo kigumu, kikipita kinakata kama wembe, damu nyekundu kidogo kwenye karatasi, kisha maumivu yanabaki saa nzima au mbili baada ya kutoka chooni.

B: tumbo la chini linasokota kwanza, anakimbilia chooni, choo ni laini au maji, akimaliza anapata nafuu. Akigombana na mtu au mtihani ukikaribia, yanarudi.

C: wazee, na akina mama waliojifungua karibuni. Siku nne, tano bila choo, wanajikamua mpaka jasho linawatoka, kinachotoka ni vigoroli.

Wachina wenyewe wangewapa nini hawa? Kiasi gani, inachemshwaje, sehemu zipi za kubonyeza zina maana, na nani asipewe kabisa?

---

Tabibu_Uyole

Mkuu, kwa kuwagawa hivyo umeshafanya nusu ya kazi. Tiba ya Kichina haina "dawa ya maumivu ya haja". Inauliza kwanza maumivu yanakuja kabla ya choo, kikiwa kinapita, au baadaye, na kama joto linayatuliza au linayachochea. A, B na C wako kwenye milango mitatu tofauti, na kipakiti kimoja cha "kusafisha tumbo" kinamdhuru B na C moja kwa moja.

Nianze na B maana ndiye anayeharibiwa zaidi. Kitabu kinasema ini limeushambulia wengu. Ini na wengu hapa si vile viungo vya buchani. Ini ni mfumo wa kusambaza qi, yaani nguvu ya mwili, na ndiko hasira inakokaa. Wengu ni usagaji wa chakula. Asiyejua hili atamtuma mgonjwa akapime ini bure. Fomula ni Tong Xie Yao Fang, inayohusishwa na Zhu Danxi, tabibu wa karne ya 14. Ina vitu vinne: bai zhu iliyokaangwa, bai shao iliyokaangwa, chen pi (ganda kavu la chenza) na fang feng, kwa uwiano wa 3 : 2 : 1.5 : 1. Kwa siku moja hiyo ni kama gramu 9, 6, 4.5 na 3. Bai shao, mzizi wa peoni, ndiyo inayolegeza mkazo wa utumbo, na bai zhu inakausha majimaji ya choo. Humo hakuna hata chembe ya dawa ya kuharisha. Mgonjwa wa namna hii akipewa sanamaki, msokoto unaongezeka usiku huohuo, naye anadhani "uchafu unatoka", kwa hiyo anarudia.

A ana mpasuko wa njia ya haja mpaka ithibitike vinginevyo. Maelezo ya Kichina ni kwamba joto limekausha utumbo, choo kimekuwa kigumu na kimechana. Kazi ni tatu: kulainisha choo, kuzuia damu, kulegeza msuli. Ya kulainisha ni Ma Zi Ren Wan, kutoka kwa Zhang Zhongjing, mwanzoni mwa karne ya 3. Ina vitu sita: huo ma ren, xing ren, bai shao, zhi shi, hou po na da huang (mzizi unaoharisha). Vidonge vyake vinakandwa kwa asali. Maelekezo ya asili ni kuanza na vidonge vidogo kumi mara tatu kwa siku na kupandisha taratibu mpaka choo kifunguke. Watu wanaliruka neno "taratibu" wakati ndilo lililobeba dawa yote: anayeanza na dozi kubwa anaharisha, na choo cha maji chenye asidi kikipita juu ya mpasuko kinaunguza kuliko kile kigumu. Hong Kong waliipima mwaka 2011 kwa watu 120 wenye kufunga choo, wiki 8, gramu 7.5 mara mbili kwa siku. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 43.3, na waliopewa dawa ya kuigiza, isiyo na kitu ndani, asilimia 8.3. Kwa kufunga choo si haba. Kwa mpasuko wenyewe inasaidia kwa sababu choo kinalainika tu, haiuzibi.

Damu ikiwa nyingi kidogo, nyekundu inayong'aa, wanaongeza Huai Hua San: maua ya huai hua, ce bai ye, jing jie na zhi ke, mafungu sawa, unga wa gramu 6 kwa maji vuguvugu. Hii ni ya siku chache. Damu ikikoma nayo inaachwa, kwani ni dawa ya ubaridi na ikiendelea inaua hamu ya kula.

C hana joto la kutolewa. Ana upungufu: wa damu kwa aliyejifungua, wa qi au yang (joto la mwili) kwa mzee. Kumpa da huang ni kumkamua mtu ambaye hana kitu. Wanatumia bai zhu ileile lakini mbichi na kwa wingi, gramu 30 mpaka 60. Zingatieni hapa: iliyokaangwa kwa kiasi kidogo inafunga choo laini, mbichi kwa wingi inafungua choo kigumu. Muuzaji asiyetenganisha hizo mbili ni wa kuachana naye. Kwa damu pungufu wanaongeza dang gui, gramu 6 hadi 12. Kwa mzee mwenye miguu ya baridi na mkojo mwingi mweupe, wanatumia rou cong rong ndani ya fomula ya Ji Chuan Jian.

Ulimi utazameni kwa mwanga wa mchana, kabla ya chai na kabla ya pipi. Mwekundu, utando wa manjano mkavu: joto. Mweupe uliovimba, una alama za meno pembeni: upungufu. Utando mzito wa manjano wenye mafuta, na choo kina ute: joto na unyevu. Huyo wa mwisho msimpe chochote cha kuchemsha, apelekwe kupimwa choo kwanza. Amiba na bakteria wa kuhara damu wana dawa zao.

---

Mfamasia_Nzovwe

Tabibu kaeleza vizuri kilichoandikwa vitabuni. Mimi nazungumzia kilichomo kwenye vipakiti.

Vingi vinavyouzwa kama "chai ya Kichina ya tumbo" ni fan xie ye au da huang, na wakati mwingine vyote viwili pamoja. Fan xie ye ni sanamaki, ileile ambayo bibi zetu wanaijua. Zote zinabeba kemikali za jamii ya anthrakwinoni. Bakteria wa utumbo mpana huzivunja, zikausukuma utumbo kujikunja, na choo kinakuja baada ya saa 6 mpaka 12. Kipimo rasmi cha Kichina kwa sanamaki ni gramu 2 hadi 6 kwa siku, kwa da huang gramu 3 hadi 15. Tofauti ya chini na juu ni mara tano kwa da huang, na mtu wa mtaani anachota kwa kijiko cha chakula.

Makosa yanayojirudia ni haya. Da huang ikichemshwa muda mrefu, sehemu ya kuharisha inavunjika na tanini zinabaki, nazo zinafunga choo. Mtu anasema "dawa imezoea mwili", anaongeza dozi. Ndiyo maana kwenye mapishi ya Kichina da huang ya kufungua choo inatiwa dakika 5 za mwisho tu. Kosa la pili ni muda. Sanamaki si ya kutumia zaidi ya wiki moja au mbili mfululizo bila usimamizi. Anayeinywa miezi mingi anapoteza potasiamu, misuli inalegea, moyo unaruka mapigo, na akiwa anatumia digoksini (ya moyo) au furosemaidi (ya kukojoza) hatari inazidi. Ukuta wa utumbo mpana nao hugeuka rangi ya kahawia. Hilo la rangi halina madhara makubwa na hurudi lenyewe baada ya miezi kadhaa bila dawa, lakini ni ushahidi kwamba mtu amekunywa muda mrefu hata akikataa.

Gan cao, mzizi mtamu unaotiwa karibu kila fomula, unashikilia chumvi na kushusha potasiamu. Mwenye presha ya kupanda asipewe fomula yenye gan cao nyingi kwa wiki kadhaa bila kupimwa presha.

Wasiopewa da huang, sanamaki wala mang xiao (chumvi ya kuharisha) kabisa: mjamzito, mtoto mdogo, mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, anayetapika na tumbo limejaa bila kutoa hewa (huyo utumbo unaweza kuwa umeziba), na mwenye ugonjwa wa figo. Anayenyonyesha pia asipewe, dawa inaweza kupita kwenye maziwa na mtoto akaharisha.

Halafu kuna mimea ya jamii ya Aristolochia. Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene, kwa sababu fang ji ilibadilishwa na guang fang ji, majina yanayokaribiana. Kwa hiyo kipakiti kisicho na orodha ya viungo inayosomeka hakimezwi. Ukiulizwa "nimeze ngapi", jibu ni "hapana".

Krimu ya Mayinglong wengi wanaijua. Ina miski, kalamaini na borneoli ndani. Inapoza uvimbe wa bawasiri. Kwa mpasuko mbichi borneoli inawasha dakika kadhaa, na kwa sababu ya miski mjamzito haipaki.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe mwenyewe mkuu: duka la dawa muhimu lina orodha yake iliyoruhusiwa na hivi vipakiti havimo. Watoa tiba asili na tiba mbadala pamoja na dawa zao wanasajiliwa na Baraza lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Mwambie mteja adai kuona usajili.

---

Mhudumu_Mafinga

Ahsanteni sana. Nimebaki na mawili. Watu huku wanachemshia kwenye sufuria za alumini juu ya mkaa, je, ni sawa? Na hiyo huo ma ren nimeambiwa ni mbegu za bangi, ni kweli?

---

Tabibu_Uyole

Ni kweli, ni mbegu za jamii ya mmea huo, zinatumika kwa ajili ya mafuta yake, gramu 10 hadi 15, na hazileweshi zikiwa safi. Lakini mtu asiende kuzitafuta mtaani. Kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kukutwa na mbegu hizo ni kesi, na hakimu hatauliza ulikuwa unalainisha choo. Mbadala umo ndani ya tiba hiyohiyo: ufuta mweusi, hei zhi ma, gramu 9 hadi 15 kwa siku, ukaangwe kidogo mpaka unukie, utwangwe (usipotwangwa unapita mzima mzima), ukorogwe na kijiko cha asali kwenye maji ya vuguvugu. Ufuta mweupe wa sokoni hauna tofauti kubwa kwa kazi hii. Mwenye kisukari aache asali.

Na kwa vile nimeitaja xing ren, ambayo ni kokwa ya aprikoti: mtu asidhani kokwa za fyulisi au plamu zinazozagaa huku kwetu ni mbadala. Zina amigdalini, mwilini inatoa sayanaidi. Za dawa huchovywa maji ya moto na kumenywa kwanza, na hata hivyo hazizidi gramu 10.

Sufuria: alumini na chuma hapana, tanini zinashikana nazo. Tumieni chungu, au sufuria ya enameli isiyobanduka, au chuma cha pua. Loweka dawa kwa maji baridi nusu saa, maji yazidi dawa kwa vidole viwili. Yakishachemka punguza moto. Hapo kwenye mkaa ndipo watu wanaharibu, moto unaendelea kuwa mkali na maji yanakauka dakika ya kumi na tano. Toa mkaa nusu, au funika makaa kwa majivu. Mchemsho wa kwanza dakika 25 hadi 30, chuja, ongeza maji kidogo, wa pili dakika 20, changanya yote mawili, gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa mizizi migumu ongeza dakika tano. Dawa iliyoungua inatupwa, haiongezwi maji. Iliyolala mpaka kesho kutwa nayo inamwagwa, hata kama ni baridi ya Makete.

---

Nesi_Tukuyu

Habari za mchana wapendwa. Kwa A, kabla ya dawa yoyote ya kunywa, ni beseni. Wachina wana mapishi yao ya kukalia: ku shen gramu 30, huang bai 15, wu bei zi 15, kwenye lita mbili za maji, dakika 20, inachujwa, ndipo mang xiao gramu 30 inayeyushwa. Wanaanza kwa kujifukiza mvuke, kisha maji yakipoa wanakalia. Mvuke mimi siushauri. Ngozi ya pale ni laini na mwenye maumivu hahisi haraka kwamba anaungua.

Kinacholegeza msuli ni joto la maji, kwa hiyo maji matupu ya vuguvugu yanatosha. Yapime kwa kiwiko, yawe ya joto bila kukufanya uutoe haraka. Nyuzi 37 hadi 40. Dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na mara moja lazima iwe mara tu baada ya choo, kwani yale maumivu ya saa mbili yanatokana na msuli wa ndani kujibana. Magoti yakunjwe, makalio yazame kabisa, beseni liwe la mtu huyo peke yake. Dettol hapana, siki hapana, chumvi ya kukolea hapana. Ukimaliza jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa, usisugue.

Sehemu za kubonyeza ambazo mtu anaweza mwenyewe:

Zhigou, nyuma ya kigasha, vidole vinne juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, katikati ya mifupa miwili. Hii ni ya kufunga choo. Bonyeza kwa kidole gumba dakika moja hadi mbili kila mkono, mpaka uhisi kuuma kwa uzito unaosambaa. Ukihisi umeme unaokimbilia vidoleni umegusa mshipa wa fahamu, sogea kidogo.

Chengshan, kwenye shavu la mguu. Simama kwa ncha za vidole, msuli unachora umbo la pembe, ncha ya pembe ndiyo yenyewe. Wachina wanasema njia yake inapanda hadi kwenye haja kubwa, ndiyo maana inatumika kwa bawasiri na mpasuko. Mwenye mishipa iliyovimba miguuni au mguu mmoja uliovimba ghafla asibonyezwe hapo.

Tianshu, vidole vitatu kulia na kushoto kwa kitovu. Hii haibonyezwi kwa mjamzito.

Changqiang, kati ya ncha ya kifandugu na tundu la haja, ni ya mtaalamu na sindano yake. Mtu wa nyumbani asiiguse. Na kwa anayekwenda kuchomwa sindano za Kichina, adai pakiti ifunguliwe mbele ya macho yake. Sindano ya kutumika mara moja, basi.

Tumbo lisuguliwe kufuata mshale wa saa: anza kinena cha kulia, panda, vuka juu ya kitovu, shuka kushoto. Dakika tano, asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Kinyumenyume ni kurudisha choo kilikotoka.

---

Tabibu_Uyole

Naongeza kwenye sindano. Utafiti mkubwa wa China wa 2016 ulikuwa na watu 1,075 wenye kufunga choo sugu, hospitali 15, sindano zenye umeme mdogo mara 28 ndani ya wiki 8, kwenye sehemu za Tianshu, Fujie na Shangjuxu. Choo kamili kiliongezeka kwa 1.76 kwa wiki, na kwa waliochomwa sindano za kuigiza 0.87. Faida ipo, ila kwa mtu wa Mafinga kusafiri mara 28 si mchezo. Na kubonyeza kwa kidole si sawa na sindano ya umeme, mtu asiahidiwe kiwango kilekile.

Pia kuna zoezi la ti gang, kukaza na kuachia njia ya haja, sekunde tatu kaza, tano achia, mara 20 hadi 30. Zuri sana kwa bawasiri na kwa C.

---

Dkt_Iringa

Kwa C sawa. Kwa A lisifanyike maumivu yakiwa makali. Mgonjwa wa mpasuko tatizo lake ni kwamba msuli umeshakaza kupita kiasi, damu haifiki kwenye kidonda, hakiponi. Kumwambia akaze mara 30 ni kumwongezea. Afanye nusu ya pili tu: kuachia, kwa kupumua taratibu na kusukuma tumbo nje.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mpasuko. Mingi huwa nyuma kabisa, kwenye mstari wa katikati, michache mbele. Ulio mpya, chini ya wiki 6, kama nusu hupona kwa choo laini na beseni peke yake, awe kanywa dawa ya Kichina au hakunywa. Ukivuka hapo unahitaji krimu ya kulegeza msuli: diltiazemu asilimia 2, au gliserili trinitreti asilimia 0.2 hadi 0.4, kiasi cha punje ya harage mara mbili kwa siku, wiki 6 hadi 8. Hiyo ya pili inaumiza kichwa, na haichanganywi na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, presha inaanguka. Ikishindikana kuna upasuaji mdogo wa msuli.

Mpasuko ulio pembeni, au mingi kwa pamoja, au usiouma kabisa, ni habari nyingine. Fikiria VVU, kifua kikuu cha utumbo, kaswende, saratani. Iringa, Njombe na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU, kipimo kisiachwe kwa aibu. Na anayeshinda kwenye maji ya mashamba ya mpunga Mbarali au Kyela, akija na damu kwenye choo na tumbo la kusokota, apimwe kichocho cha tumbo kabla ya kuitwa "ini limeshambulia wengu".

Asiyetakiwa kusubiri hata siku moja dukani: mwenye homa na uvimbe unaodunda karibu na njia ya haja (jipu, linahitaji kupasuliwa, beseni halilitoi), anayeshindwa kukojoa, anayetoka damu nyeusi au mabonge. Wa kuandikiwa rufaa wiki hiyohiyo: aliyepungua uzito, aliyepauka, aliyevuka miaka 40 na tabia ya choo imebadilika, anayehisi choo hakijaisha kila akimaliza. Saratani ya mwisho wa utumbo mpana inatibiwa kama bawasiri miezi mingi, kwa dawa za Kichina, za Kimasai na za hospitali pia, kwa sababu tu hakuna aliyeingiza kidole kupima.

Na wale "wakata kinyama" wanaopaka dawa ya kuunguza: China pia ilikuwa na dawa kali za kuchoma bawasiri, na madhara yake ni yaleyale, njia inabana kwa kovu. Waliyoiboresha baadaye, Xiao Zhi Ling ya alamu na asidi ya taniki, inachomwa na daktari kwa bawasiri ya ndani tu.

---

Lishe_Njombe

Nyongeza fupi. Kabla ya mzizi wowote, muulizeni mteja anameza nini. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, tramadoli, kodeini, amitriptilini na dawa za kiungulia zenye alumini zote zinafunga choo. Mama wa C mara nyingi ni vidonge vya damu.

Watu wa huku baridi ikiingia hawanywi maji. Chai vikombe viwili kwa siku nzima, ugali wa sembe, viazi mviringo vilivyomenywa. Nyuzinyuzi zinatakiwa gramu 25 hadi 30. Kikombe cha maharage kilichoiva kinatoa kama 11, parachichi nusu 5 hadi 7. Dona badala ya sembe. Ongezeni kidogo kidogo kwa wiki mbili, vinginevyo ni gesi tu. Kwa B punguzeni maharage na kabichi kwanza, huyo gesi inamsokota zaidi. Maji yawe ya vuguvugu, lita moja na nusu hadi mbili. Wachina wanasisitiza joto, na kwa Njombe ya Julai ndiyo njia pekee mtu atayamaliza.

Saa ya Kichina ya utumbo mpana ni saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi. Ukweli wake wa kawaida ni kwamba utumbo unaamka mtu akiamka na akinywa kitu cha moto. Wanafunzi wa bweni na madereva wa njia ya Makambako wanaipitisha saa hiyo kwa kubana, choo kinarudi kunyonywa maji. Wenye choo cha kukaa waweke kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu. Simu ibaki nje.

---

Mhudumu_Mafinga

Nashukuru wote, shikamooni wakubwa. La mwisho: nina wateja wa C wanaotumia sanamaki kila siku kwa mwaka na zaidi. Nikiwaambia waache ghafla wanarudi wanalia.

---

Mfamasia_Nzovwe

Marahaba. Usiwaachishe ghafla. Wiki ya kwanza dozi ya sanamaki ibaki ileile, anza isapgoli (unga wa nyuzinyuzi) gramu 3.5 kwenye glasi nzima ya maji mara moja kwa siku, wiki ya pili mara mbili. Kwa mzee asiyekunywa maji vizuri usimpe isapgoli, itakwama. Mpe laktulosi (dawa ya maji ya kulainisha choo) mililita 15 asubuhi na jioni. Wiki ya tatu punguza sanamaki robo, kisha robo nyingine kila baada ya wiki moja hadi mbili, mwishoni iwe siku moja anywe, siku moja apumzike. Mwambie mapema kwamba atakaa siku mbili au tatu bila choo na si ugonjwa. Siku ya nne, kidonge cha gliserini cha kuingiza njia ya haja, kimoja, dakika 20 baada ya kifungua kinywa. Akilalamika udhaifu wa misuli au mapigo ya moyo kuruka, apimwe potasiamu kabla ya kuendelea na ratiba. Mtu wa B anayetumia sanamaki haingii kwenye ratiba hii, yeye anaacha siku hiyohiyo.